Mstari wa Tatu

Siku niliyopewa koti jeupe nilisali rakaa mbili za shukrani, kisha nikamwomba Mungu aniepushe na kiburi. Rakaa nadhani zilipokelewa. Ile dua ya kiburi ilichelewa kujibiwa, na nitaeleza jinsi jibu lake lilivyokuja.

Koti lilitoka kwenye taasisi ya utafiti kule Kairo, pamoja na katoni ya vipimo vya maziwa na karatasi moja ya maelekezo. Kijiji chetu kilikuwa miongoni mwa vijiji vitano vya mkoa wa Buheira vilivyochaguliwa kuvijaribu vipimo hivyo. Mimi, Mitwalli, mwangalizi wa tangi la kupozea maziwa kwa miaka kumi na mmoja, nilichaguliwa kuvitumia. Nilikwenda mjini Damanhur kwa mafunzo ya siku mbili. Tulipima maziwa safi mara nyingi, yote yakatoa mistari mitatu myekundu. Tukapigiana makofi, tukala kofta, tukarudi makwetu.

Kipimo chenyewe ni kikasha cha plastiki, urefu wake kama kidole. Unakilaza mezani jinsi picha ya kwenye karatasi inavyoonyesha, unadondosha matone matatu ya maziwa kwenye tundu lake, unasubiri kidogo, kisha mistari inajitokeza kwenye kidirisha. Chini ya picha kulikuwa na maelezo ya Kiarabu yaliyotafsiriwa kutoka lugha ya watu wa ng'ambo. Mstari wa kwanza ni wa penisilini. Wa pili ni wa sumu ya ukungu wa malisho. Wa tatu ni mlinzi wa kipimo. Wa kwanza au wa pili usipoonekana, maziwa yana kasoro, yarudishwe. Wa tatu usipoonekana, kipimo ni kibovu, kitupwe, kichukuliwe kingine. Maneno hayo niliyahifadhi kama nilivyohifadhi sura fupi utotoni.

Wakati huohuo nilikuwa na jambo kubwa kuliko maziwa. Binti yangu wa pekee, Rawya, alikuwa ameposwa na Shukri, mwana wa jirani yangu Zaghlul. Mimi na Zaghlul tulikuwa tumeshapeana mikono na kusoma Fatiha, na harusi ilipangwa baada ya Idi. Shukri ni kijana mtulivu, amemaliza jeshi, anatengeneza pampu za maji, na haongei sana. Katika nyumba ya Zaghlul huo ni muujiza, maana baba yake huongea hata akisukutua.

Siku ya kwanza ya kupima, watu walikuja kutazama koti zaidi ya kuleta maziwa.

"Dokta Mitwalli!" Zaghlul akaita kutoka nyuma ya foleni, punda wake amebeba keni mbili. "Ukimaliza maziwa, nitazame na meno!"

Foleni ikacheka. Nikakaza shingo, nikaendelea. Kila aliyefika alipata mistari mitatu, na mimi nikawa natangaza "Salama!" kwa sauti ambayo mke wangu anasema haikuwa yangu. Ikafika zamu ya Zaghlul. Nikadondosha, nikasubiri, nikaweka kidole kwenye kidirisha na kuhesabu. Wa kwanza ulikuwepo. Wa pili ulikuwepo. Wa tatu haukuwepo.

"Kipimo kibovu," nikasema, nikakitupa na kuchukua kingine.

Kile cha pili kikafanya vivyo hivyo. Na cha tatu.

"Yakhe, hivi vitu vyako vinaniogopa?" akauliza Zaghlul.

"Vinakuonea haya," akasema mtu nyuma. "Vimezoea watu waliooga."

Karatasi haikusema mtu afanye nini vipimo vitatu vikiharibika mfululizo. Lakini mstari wa penisilini niliuona kwa macho yangu, na wa ukungu niliuona. Nikayamimina maziwa yake tangini kwa jina la Mungu.

Kesho yake ikawa vilevile, vipimo vitatu vikafa kwa Zaghlul, na hakuna hata kimoja kilichokufa kwa mtu mwingine. Keshokutwa vilevile. Na siku hiyo ya tatu akaingia Haja Tafida, bakuli la udongo mkononi.

Haja Tafida hugandisha mtindi na kuuuza kwenye soko la Jumanne. Maziwa huyachukua kwenye tangi letu. Habari za kijiji pia huzichukua hapo, na kuzirudisha zikiwa zimeongezeka uzito.

"Tazama!" akasema, akainamisha bakuli. Mtindi ukamwagika sakafuni kama maji ya kunawia. "Miaka thelathini mtindi wangu naugeuza juu chini haudondoki. Leo unakimbia kama mwizi wa kuku!"

"Labda hukuweka chachu, Haja."

"Mimi? Mitwalli, unaniuliza mimi kama nimeweka chachu? Kamwulize mwadhini kama ametia udhu!" Akatazama tangi, akatazama foleni, akashusha sauti, na sauti yake ikishushwa ndipo inafika mbali. "Kuna mtu amelitia jicho baya tangi hili."

Hakuna aliyetaja jina. Watu wote waligeuka tu wakamtazama Zaghlul.

"Mnanitazama mimi?" akasema Zaghlul.

"Mwaka jana uliisifu feni ya msikiti," akasema mmoja polepole. "Ikaanguka."

"Iliangushwa na kutu!"

"Na hiyo kutu ilianza lini? Baada ya kuisifu."

Mimi silikanushi jicho, maana jicho ni kweli, na nimeomba kinga dhidi yake tangu utotoni. Lakini Zaghlul nimekua naye. Tuliogelea pamoja mferejini na hakuwahi kunitazama nikazama. Hata hivyo nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa na koti na sikuwa na maelezo.

Kuanzia hapo kijiji kikaanza matibabu. Haja Tafida alitundika ushanga wa buluu kwenye bomba la tangi. Tukafukiza ubani mpaka kipimajoto kikapanda nikamwomba Haja aache. Nilisoma sura za kinga juu ya katoni ya vipimo, asubuhi na mchana, nikipuliza kila pembe. Kisha watu wakaamua kwamba Zaghlul abaki nyumbani, maziwa yaletwe na Shukri. Shukri akayaleta. Mstari wa tatu haukuonekana.

"Ni kwa sababu anamtazama nyati wake wa kufugwa wakati wa kukamua," akaamua Haja Tafida. "Jicho linaingia kwenye kiwele."

Basi Zaghlul akaambiwa akamue akiwa amevaa miwani ya jua. Akakubali, maskini, kwa ajili ya amani. Alivaa miwani ya Shukri ya jeshini, akaingia bandani alfajiri haoni hata mkono wake, akakamata kisichokamuliwa. Nyati wake, Warda, alimpiga teke lililomfikisha kwenye jaa la samadi. Maziwa yaliyobaki yaliletwa. Vipimo vitatu vikafa.

Nyumbani kwangu mambo hayakuwa ya kuchekesha. Mke wangu Bahiga aliniwekea chai bila sukari, na hiyo ndiyo namna yake ya kuanza mazungumzo.

"Baba Rawya, ile nyumba simtoi mwanangu kwenda."

"Tumeshasoma Fatiha, Mama Rawya."

"Basi irudishe."

"Fatiha hairudishwi, mwanamke! Si sufuria!"

"Kila siku vipimo vitatu vinakufa kwa yule mtu, wewe mwenyewe unasema. Sasa akimtazama mwanangu ana mimba? Akimtazama mjukuu wangu?"

Rawya alikuwa akikanda unga mlangoni. Akasema bila kuinua kichwa, "Mama, Shukri ananitazama mimi tangu Shaabani ya mwaka juzi, na bado sijakauka."

"Funga mdomo wako! Mwaka juzi? Shaabani?" Bahiga akanigeukia. "Umesikia? Ijumaa hii, asubuhi, navaa shela langu jeusi naenda kwa Mama Shukri kumwambia basi. Wewe na koti lako mbaki hapa mhesabu mistari."

Rawya aliendelea kukanda, ila unga ule ulikandwa kwa muda mrefu kupita kiasi, na mkate wa siku ile ulikuwa mgumu, wenye chumvi ambayo haikutoka jikoni.

Kila wiki nilitakiwa kutuma taarifa Kairo. Mwisho wa wiki ya pili nikaandika: jumla ya vipimo vibovu arobaini na viwili, vyote vya mtu mmoja. Sikuandika neno jicho, nikaona haya. Alhamisi, mchana, watu wakiwa wameshatawanyika, gari dogo likasimama, akashuka Dokta Nashwa, binti wa ile taasisi anayevitengeneza vipimo. Alikuwa na buti za mpira na mkoba mzito kuliko yeye.

"Ami Mitwalli, arobaini na viwili?" akasema. "Katika vijiji vinne vingine vimeharibika vitatu tu. Niitie huyo mtu."

Zaghlul akaja, bado anachechemea kwa teke la Warda, miwani kichwani. Dokta Nashwa aliutazama ushanga wa buluu kwenye bomba, kisha akautazama ubani. Akaniambia, "Pima mbele yangu, usome kwa sauti."

Nikakilaza kipimo kama picha. Nikadondosha. Tukasubiri. Nikaweka kidole.

"Wa kwanza upo. Wa pili upo. Wa tatu haupo."

Dokta Nashwa akatafuta ndoo tupu, akaigeuza, akaikalia.

"Ami, kwa nini umeanzia hapo?"

"Wapi?"

"Kulia."

Sikuelewa swali. "Kwani mtu huanzia wapi, Dokta? Qurani naisoma kutoka kulia. Mkate naula kwa kulia. Msikitini naingia kwa mguu wa kulia. Nianzie kushoto, kwani naingia chooni?"

Akafunika uso kwa viganja viwili. Mwanzo nilidhani analia. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Ami Mitwalli," akasema alipoweza, "maziwa hayasomi Kiarabu. Tundu liko upande gani?"

"Kushoto."

"Basi maziwa yanaanza safari kushoto. Mstari unaokutana nayo kwanza ndio wa kwanza. Mlinzi ndiye wa mwisho, kule kulia. Kosa letu, tungechora mshale. Aliyetafsiri karatasi ameishi ng'ambo miaka kumi na miwili, amezoea kuanzia kushoto."

Nikahesabu kwenye vidole. Nikahesabu tena. Jasho likanitoka ndani ya koti. "Kwa hiyo mstari ambao haupo..."

"Ni wa penisilini."

Zaghlul akaishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa.

"Lakini Dokta," nikasema, bado nikitafuta pa kutokea, "kitu kikiwepo, mstari si ndio ungetokea?"

"Kinyume chake. Sikiliza. Mwili wa mnyama ukiingiwa na mgeni usiyemjua, unatengeneza kingamwili. Ni kama askari wanaomjua mgeni mmoja tu kwa sura, na kazi yao ni kumkamata. Sisi tumewapata askari hao kwa sungura. Tumewafundisha penisilini, tukawavisha nguo nyekundu, tukawaweka humu. Kwenye mstari wa kwanza tumebandika penisilini kidogo. Maziwa yakiwa safi, askari wanafika pale mikono mitupu, wanaikamata ile tuliyobandika, wanajazana, unaona mstari. Maziwa yakiwa na penisilini, wameshaikamata njiani. Wanafika mikono imejaa, wanapita tu. Mstari hautokei."

"Kama wageni wa harusini," nikasema, "wenye sahani mikono yote miwili. Hawawezi kukupa mkono."

"Hivyo hasa."

"Yaani," Zaghlul akasema kwa sauti ndogo, "sungura wa Kairo amenitolea siri yangu?"

Ndipo akasema yote. Kiwele cha Warda kilikuwa kimevimba tangu kabla ya vipimo kuja. Daktari wa mifugo alimwambia amdunge sindano, kisha maziwa yake ayamwage siku zote za dawa na siku kadhaa baada yake. Kudunga alidunga, na kila alipoona uvimbe kidogo alidunga tena. Kumwaga ndiko kulikomshinda.

"Mkono ulikataa, Mitwalli. Maziwa meupe vile, mazuri vile, niyamwage? Nikasema nitayachemsha."

"Kuchemsha hakuiondoi dawa," akasema Dokta Nashwa, na sasa hakuwa akicheka. "Ndiyo maana mtindi haugandi, dawa inaua chachu. Na wako watu ambao miili yao ikikutana na penisilini inavimba mpaka pumzi inaziba. Mmekinywesha kijiji kizima kwa wiki mbili. Mshukuruni Mungu hamkumpata mmoja wao." Akafunga mkoba. "Tangi la leo limwagwe, na maziwa ya huyo nyati yasiingie humu mpaka mstari wake wa kwanza uonekane. Jumamosi nakuja na karatasi yenye mshale. Watu waambiweni ninyi wenyewe. Nikiwaambia mimi itakuwa aibu zaidi."

Gari lilipoondoka, tulifungua bomba la tangi, tukasimama tukiyatazama maziwa yakienda. Zaghlul akanishika kola ya koti.

"Mitwalli, ndugu yangu. Tuseme katoni ilikuwa mbovu, ameleta nyingine. Na mimi niachie jicho langu."

"Unalitaka?"

"Jicho mtu amezaliwa nalo, hana hatia! Na tangu niwe nalo hakuna anayenikatia foleni. Lakini penisilini? Watasema Zaghlul amewanywesha watoto wetu dawa ya nyati kwa uroho!"

"Si ndivyo ulivyofanya?"

"Ndivyo. Lakini wasiseme."

Niwe mkweli, shauri lake lilinipendeza. Kwa hilo yeye angebaki na jicho na mimi ningebaki na koti. Nikasema nitafikiri, nikaenda kusali alasiri. Katika rakaa ya kwanza, nilipofika "Tuongoze njia iliyonyooka", nikakwama kama mtoto wa chuoni. Maana hiyo ndiyo Fatiha niliyoisoma na Zaghlul, mkono ndani ya mkono, kwa ajili ya Rawya. Kesho mke wangu angeivunja kwa kosa la kidole changu, nami nilikuwa nimesimama mbele ya Mola nikiomba njia iliyonyooka huku nikipanga ile iliyopinda. Nililia kidogo kwenye sijida. Kisha nikavua koti, nikalikunja.

Ijumaa asubuhi nilisimama mbele ya foleni kwa kanzu yangu ya kawaida. Haja Tafida alikuwepo na bakuli zake. Bahiga naye alikuwepo, shela jeusi tayari begani, ananisubiri nimalize ili aende kwa Mama Shukri akitokea hapohapo. Zaghlul alikuwa nyuma kabisa, bila miwani.

"Jamani, hakuna jicho," nikasema. "Kuna mjinga, naye ni mimi. Nimeihesabu mistari kinyume kwa wiki mbili."

Nikawaonyesha kipimo, nikaeleza habari ya tundu, ya askari na ya sungura. Nikawauliza, "Ninyi mngeanzia wapi kuhesabu?"

"Kulia!" wakajibu wote kwa pamoja, na moyo wangu ukapoa kidogo.

"Sungura?" akasema Haja Tafida. "Huyu tunayempika na mboga ya mulukhiya? Basi tumbo langu lina jeshi zima. Lakini kama hakuna jicho, mtindi wangu umeharibiwa na nini?"

Nikamtazama Zaghlul. Sikutaja jina lake, hilo nililimwachia yeye. Alisogea mbele hatua mbili. Punda wake akapiga kelele kana kwamba anamtangulia.

"Na mimi," akasema Zaghlul. "Nilimdunga Warda penisilini, na maziwa sikuyamwaga. Nilishindwa. Nisameheni."

Kelele zilizofuata siziandiki. Mtu alimwita mwuaji wa mtindi. Haja Tafida alijipiga kofi mdomoni: "Ndiyo maana midomo inaniwasha wiki ya pili hii!"

"Midomo yako, Haja," akasema Zaghlul, "ilianza kuwasha kabla Warda hajazaliwa."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa. Bahiga peke yake hakucheka. Alimsogelea Zaghlul, akamtazama usoni sawasawa, jicho kwa jicho, jambo ambalo hakuwa amethubutu kwa siku kumi na nne.

"Kwa hiyo wewe huna jicho."

"Sina, Mama Rawya."

"Una uchoyo tu."

"Uchoyo ninao."

Bahiga akalishusha shela begani, akalikunja. "Uchoyo naujua, nimeishi nao miaka ishirini na sita," akasema, akinionyesha mimi kwa kidevu. "Uchoyo haudhuru mimba. Lakini harusi ya mwanangu hailishwi maziwa yako mpaka niyaone mimi mwenyewe."

Zaghlul alimdunga Warda mpaka dozi ikaisha kama daktari wa mifugo alivyotaka, akawa anamwaga maziwa yake mferejini kila alfajiri, akisema analia, ingawa Shukri aliniambia alikuwa akilaani tu. Baada ya siku za kusubiri nikayapima maziwa, nikihesabu kutoka kushoto, na mstari wa kwanza ukatokea, mwekundu kama hina. Mtindi wa Haja Tafida ukaganda. Siku hizo hizo aliuondoa ushanga wa buluu kwenye bomba, kisha akaurudisha, akasema haugharimu kitu kukaa hapo.

Asubuhi ya harusi, baada ya Idi, Zaghlul alileta keni nne za maziwa ya wali wa sukari. Kabla sijazigusa, Bahiga akaingia amevaa nguo yake ya sherehe, akanisogeza kwa kiwiko, akadondosha matone matatu mwenyewe, akainama juu ya kidirisha. Nyuma yake Rawya alisimama mlangoni, hina mikononi, hapumui.

Akahesabu kutoka kushoto: mitatu. Kisha, asije akaonewa, akahesabu na kutoka kulia.

"Mitatu," akasema, akapiga kigelegele cha kwanza.